Kitufe cha Asante

Ofisini walimwita Eveline Mgaya "Mama Maneno", na jina hilo alilipenda kuliko mshahara. Kampuni ya Kiganja, iliyopanga ghorofa ya pili ya jengo moja pale Mwanjelwa, Mbeya, ilichapisha programu za simu na kuzipachika matangazo ya biashara. Programu iliyoipa jina iliitwa Mavuno. Ndani yake mkulima aliona bei ya mpunga na ya viazi, dalili za mvua, hata masomo ya Jumapili kanisani. Vijana wa Iringa waliiunda. Eveline aliipa ulimi. Kila neno lililosomeka humo, kuanzia "Fungua" hadi "Subiri kidogo", lilitoka kwenye kalamu yake.

Alikuwa na miaka thelathini na sita. Minane kati ya hiyo aliimalizia darasani, akifundisha Kiswahili sekondari na kugombana na watoto walioandika "ivyo" badala ya "hivyo", mpaka shule ilipopunguza walimu na yeye akawa wa kwanza kupunguzwa. Kiganja ilipomwita aliona amepewa darasa kubwa zaidi. Aliamini kwa moyo wote kwamba mkulima wa Usangu akizungumza na simu yake kwa lugha iliyonyooka, hakuna dalali atakayemzunguka tena.

Baba yake ndiye hakuamini. Mzee Yotamu Mgaya alihamia Ubaruku kutoka milima ya Iringa akiwa kijana, akafyeka, akachimba majaruba yake ya mpunga kwa jembe la mkono, na kwa miaka ishirini alikuwa mzee wa kanisa katika usharika wao. Krismasi Eveline alipokwenda nyumbani na kumsifia Mavuno, mzee aliigeuzageuza simu kama mtu anayekagua kuku sokoni.

"Bure?" aliuliza.

"Bure kabisa, baba."

"Nani anawalipa ninyi mishahara, basi?"

"Wenye matangazo."

"Na mwenye tangazo anapata nini kwangu mimi?"

"Anapata kuonekana tu, baba. Ukiona umeona, usipotaka unapita."

"Mh." Akamkabidhi simu. "Haya, weka. Mwalimu ni wewe."

Akaiweka. Simu iliuliza maswali matatu, naye akabonyeza Ruhusu, Ruhusu, Ruhusu, huku akimwambia mama yake aongeze tangawizi kwenye chai. Hakuyasoma. Mtu aliyekuwa akiishi kwa maneno hakuyasoma maneno matatu yaliyomhusu baba yake.

Ikapita nusu mwaka. Jumanne moja ya mwezi Juni, mpunga ukiwa unapangwa foleni kwenye mashine za kukoboa na Mbeya ikiwa ya baridi ya kuumiza vidole, Eveline alikuta kwenye simu yake ujumbe wa baba yake, ulioingia jana yake jioni. Ulisema: "Mimi Yotamu nimeshajiunga na Bahati Chapchap. Jiunge nami uweke mkeka, ushinde leo!"

Aliusoma mara tatu. Bahati Chapchap ilikuwa kampuni ya kubeti, na mkeka ndiyo tiketi yenyewe ya dau. Baba yake ndiye mtu aliyesimama madhabahuni mwaka uliopita akawaambia vijana kwamba mikeka inakula mpunga kuliko panya.

Na hapa ndipo jambo la aibu lilipotokea, ambalo Eveline hakupenda kulikumbuka baadaye: alimshuku baba yake. Hakushuku simu. Alimshuku mzee. Alikumbuka jinsi siku hizi alivyokuwa anaaga mapema kwenye simu. Alikumbuka kwamba jirani yao Anania alianza hivyo hivyo, kimya kimya, akamaliza gunia la mwisho. Akapiga.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mwanangu."

"Baba, nimeona ujumbe wako. Umeanza lini kubeti?"

Kwa mbali zilisikika mashine zikinguruma.

"Na wewe?" mzee alisema hatimaye. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Tangu jana ni wa kumi na mbili kuniuliza. Mchungaji kapata. Waimba kwaya wamepata. Mpaka yule mama anayeniuzia mbolea. Mwenyekiti wetu, Mzee Aroni, ameitisha baraza la wazee Jumapili baada ya ibada. Wananivua uzee wa kanisa."

"Lakini baba, ujumbe umetoka kwenye simu yako."

"Najua umetoka wapi! Sikukubali kitu mimi. Nilikaribishwa, nikashukuru, nikapita."

"Ulikaribishwa na nani?"

Mzee alikuwa ameshakata.

Eveline alikwenda moja kwa moja kwa bosi. Silvester alikuwa mtu wa maneno laini na shati lililonyooshwa, mzaliwa wa Mbeya hiyo hiyo, aliyesoma nje akarudi na mazoea ya kumwita kila mtu "familia". Ukutani kwake palikuwa na skrini yenye ramani, na kila mahali watu walipoitikia matangazo paliwaka kidoti cha kijani. Siku hiyo Chimala, Igurusi na Ubaruku ziliwaka kama shamba lililochomwa moto.

"Watu wa mpunga hawana mchezo," Silvester alisema kwa furaha kabla Eveline hajaketi. "Bahati Chapchap imefika kwao wiki hii tu, tayari tumezidi Songwe na Njombe ukizijumlisha."

Eveline alimweleza habari za baba yake. Silvester alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande, kama daktari.

"Pole sana, Mama Maneno. Lakini mzazi ni mtu mzima. Watu wazima wana siri zao."

"Baba yangu hana siri ya namna hiyo."

"Wote tunasema hivyo kuhusu baba zetu." Akatabasamu. Kisha akauliza, akiwa anapanga kalamu mezani: "Kuna mwingine yeyote aliyekulalamikia?"

Eveline alikuwa tayari mlangoni swali hilo lilipomrudia masikioni. *Kuna mwingine?* Mtu akiambiwa nyumba ya mwenzake inaungua huuliza imeunguaje. Huyu ameuliza kama moshi umeonekana mbali.

Tangu hapo kila kitu cha ofisi ile kikaanza kumnukia vibaya. Kwa nini simu za wafanyakazi ziliwekewa Mavuno ya peke yake, isiyo na matangazo? Silvester aliwahi kusema ni ili wasisumbuliwe kazini. Wakashukuru! Kwa nini chumba cha ripoti kilifungwa kwa ufunguo tangu Aprili? Na kwa nini Happy, dada wa mapokezi, aliagizwa kila mteja mwenye hasira akipiga simu amwambie "tumelipokea" na asiandike popote?

Alikwenda chooni, akajifungia, akaifuta Mavuno ya ofisi kwenye simu yake, akapakua ile wanayopakua watu wote. Simu ikauliza maswali yake matatu. Safari hii alisoma. Ruhusu Mavuno kuona mahali ulipo. Ruhusu Mavuno kuona majina yaliyo kwenye simu yako. Ruhusu Mavuno kutuma ujumbe.

Kutuma ujumbe! Programu ya bei ya viazi inamtumia nani ujumbe?

Akaruhusu yote. Bei za mpunga zikatokea, na juu yake tangazo likafunika skrini: mpira, noti zinazopepea, na neno moja kubwa, "Karibu!" Chini yake palikuwa na kitufe kimoja tu, cha kijani, kipana kama kiganja. Kimeandikwa "Asante".

Neno lile alilitoa yeye.

Ilikuwa Februari. Tangazo wakati huo lilikuwa na vitufe viwili, "Kubali" na "Funga". Silvester alisema "Funga" ni neno kali, linamfukuza mteja. Atafute la upole. Eveline alilisumbukia siku mbili. Siku ya tatu alikuwa mezani kwake anakula viazi na maharage, akapita Isakwisa wa uhasibu. Eveline akamwambia, "Karibu." Isakwisa akaitika, "Asante," na akaendelea na safari yake. Eveline aliacha kijiko hewani. Si ndivyo watu wanavyokataa! Ukimkuta mtu anakula akakukaribisha, hutamwambia "sitaki", utaonekana huna malezi. Unasema asante, na wote wawili mnajua kwamba huli. Alicheka peke yake kwa furaha. Akaieleza ofisi nzima mchana ule, kwa mikono na kwa mifano, kwamba tangazo liseme "Karibu" na kitufe cha kukataa kiseme "Asante", mkulima atajisikia yuko nyumbani. Wenzake walipiga makofi. Silvester aliandika kwenye kijitabu chake, akapigia mstari.

Sasa "Kubali" haikuwepo. Ilibaki "Asante" peke yake, na kijani cha kukubali.

Akaibonyeza. Tangazo likaondoka kwa adabu, bei za mpunga zikarudi. Hakuna kilichotokea. Ukiwa Ubaruku, jua limekuchosha, ungejua nini?

Alirudi mezani. Dakika tatu hazikupita vizuri, Happy akapaza sauti kutoka mapokezi hadi korido nzima ikasikia:

"Dada Eve! Makubwa! Na wewe mkeka? 'Mimi Eveline nimeshajiunga'... Na huo ulokole wako wote?"

Wakacheka. Eveline naye akacheka, maana alimwona Silvester amesimama mlangoni kwake na hacheki.

Alhamisi aliomba ruhusa, akasema anakwenda kumwona mgonjwa, akapanda basi la asubuhi kwenda Iringa. Ombeni, kijana aliyeiunda Mavuno, hakuwa anapokea simu zake tangu Jumanne. Alitaka kumwona usoni. Alimkuta kwenye chumba alichopanga karibu na Miyomboni, mji ukiwa unaonekana wote chini ya dirisha, na kompyuta mbili zikiwaka. Ombeni alifungua mlango nusu.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Silvester anajua?"

"Hajui. Kwa nini unaogopa?"

"Wewe ndiye wa kuogopwa, dada." Akamruhusu kuingia lakini akabaki amesimama. "Umekuja kuona kama nitasema, au siyo?"

Eveline hakuelewa. Ombeni akageuza kompyuta moja, akamfungulia barua pepe ya Aprili. Ilitoka kwa Silvester. Ilisema: ondoa Kubali, acha Asante, Asante ndiyo iandikishe na kutuma mialiko. Mwishoni palikuwa na mstari mmoja: "Wazo na neno ni la Eveline, ameshathibitisha."

"Sijathibitisha chochote!"

"Mimi ningejuaje? Miezi miwili nakuona wewe ndiye mwenye akili ya kishetani pale. Nilisema, huyu mama amewajua watu wake, amewashika kwenye adabu zao." Akaketi sasa, taratibu. "Kwa hiyo haikuwa wewe."

"Neno ni langu," Eveline alisema. "Lakini nililitoa ili watu waweze kukataa."

"Basi amelichukua hivyo hivyo, akalivisha maana nyingine. Wala hakubadilisha herufi. Mtu akienda kushtaki, Silvester atasema: mteja alikaribishwa, akasema asante, tatizo liko wapi? Na akibanwa zaidi, karatasi ina jina lako."

"Na wewe ukaiandika."

Ombeni alitazama dirishani. "Nikaiandika," alisema.

Eveline alimwomba ampe nakala ya barua ile. Ombeni aliuma ukucha kwanza. Akampa. Lakini alipomsindikiza hadi ngazini aliuliza tena, kwa sauti ya chini, kama kweli amekuja peke yake, na Eveline aliposhuka aligeuka mara mbili kutazama nyuma, kwa kuwa naye ugonjwa ule sasa ulikuwa umemwingia.

Jumamosi aliteremka Igawa, akashika njia ya Rujewa hadi Ubaruku. Baba yake alikuwa uani akianika mpunga kwenye turubai, akiusambaza kwa miguu, mistari iliyonyooka kama ya daftari. Hakusimama.

"Baba, nimejua kilichotokea."

"Nani aliiweka ile kitu kwenye simu yangu?"

"Mimi."

"Na lile neno la asante, nani aliliandika?"

Mzee hakuwa mjinga. Alikuwa na siku tano za kufikiri.

"Mimi, baba."

Yotamu alifika mwisho wa turubai, akageuka, akaanza mstari mwingine. "Basi kesho kayaseme hayo mbele ya Aroni," alisema. "Mimi nikiyasema nitaonekana namsingizia mwanangu."

Usiku Eveline hakuhangaika na usingizi. Alijua akizungumza kesho, kazi haipo. Alijua pia kwamba jina lililo kwenye ile barua pepe litatajwa, na kuna watakaoamini kwamba alikuwa na mkono. Kwa upande mwingine kulikuwa na mzee mmoja na jina lake, basi. Lakini miaka ishirini mtu yule alikuwa ameamka alfajiri kugonga kengele ya kanisa, na hakuwa na kitu kingine duniani alichokuwa amekijenga kwa uangalifu kama huo.

Baraza lilikaa kwenye chumba cha nyuma ya kanisa, wazee tisa, mchungaji, na saa ya ukutani. Mzee Aroni, mwenyekiti, alikuwa na simu kubwa kuliko za wote, ameiweka mezani juu ya Biblia. Alisoma ule ujumbe kwa sauti, neno kwa neno, akiupa kila "ushinde" uzito wake.

"Mzee mwenzetu anasema ni simu. Simu, jamani! Simu ina vidole? Yangu nina mwaka nayo, mbona haijawahi kuniaibisha?"

"Huna marafiki wa kutumiwa ujumbe," mzee mmoja alinong'ona, wawili wakakohoa ili wasicheke.

Eveline alisimama, akajitambulisha, akaeleza. Alieleza kama alivyokuwa akieleza darasani, hatua kwa hatua, akasoma barua pepe, hata mstari wenye jina lake. Alipomaliza aliwatazama. Aliona nyuso zao. Ni nyuso alizozijua: za watu wanaomsikiliza binti akimtetea baba yake.

"Umesema vizuri, mwanangu," Aroni alisema. "Shule inasaidia. Lakini hiyo barua mtu yeyote anaweza kuichapa."

"Mzee Aroni, Mavuno unayo?"

"Ninayo. Bei naangalia kila siku. Matangazo yake huwa nayasubiri tu yaondoke yenyewe, bando langu silichezei."

"Leo usisubiri. Nakuonya mapema mbele ya wote: kitakachotokea kitakuaibisha. Ukiona ninadanganya, nifukuzeni mimi na baba yangu pamoja."

Aroni alitazama kushoto na kulia. Angekataa angeonekana anaogopa. Akavaa miwani, akafungua Mavuno. "Haya. Hii hapa imekuja, wachezaji mpira. Inasema karibu."

"Wewe hutaki. Unafanyaje?"

"Mtu akikukaribisha na hutaki?" Aroni alimshangaa kwa swali la kitoto. "Unamwambia asante." Akabonyeza. Akainua simu, akawaonyesha wote. "Imeondoka. Iko wapi hiyo aibu?"

"Tusubiri dakika tatu," Eveline alisema.

Wakasubiri. Mchungaji alifumba macho kama anaomba. Nje mashine moja ya kukoboa ilikuwa inafanya kazi japo Jumapili, na kwa kawaida Aroni angeikemea, lakini alikuwa anaitazama saa. Dakika ya kwanza. Ya pili. Mzee mmoja alianza kujinyoosha kama mtu anayejiandaa kuondoka.

Simu ya mchungaji ndiyo iliyolia kwanza. Kisha ya mzee wa pembeni. Kisha zikalia kwa pamoja, mifukoni, mezani, ndani ya mkoba, moja ikitoa sauti ya jogoo. Na nyuma ya ukuta, kanisani, ambako kwaya ilikuwa bado inafanya mazoezi, wimbo ulikatika katikati na mtu akaangua kicheko.

Mchungaji alisoma polepole. "'Mimi Aroni nimeshajiunga na Bahati Chapchap...'"

"Lakini mimi nimesema asante!" Aroni alipiga kelele. Alikuwa amesimama, miwani imemshuka puani. "Mmeniona wote! Nimesema asante!"

"Na mimi," alisema Yotamu. Ndilo neno pekee alilolisema kikao kizima.

Hawakumvua. Jumapili iliyofuata, kwenye matangazo ya kanisa, kati ya habari za harambee na ndoa, lilisomwa tangazo kuhusu kitufe cha kijani, na mchungaji aliwasomea washarika maneno ya Ruhusu moja moja kama anayesoma somo. Walitoa nakala kwa sharika nyingine. Eveline ndiye aliyeliandika. Hakuweka neno la upole hata moja.

Lakini siku ile ile ya baraza, wakiwa bado njiani kurudi nyumbani, baba mbele na binti nyuma, uliingia ujumbe wa Silvester kwenye simu ya Eveline. Habari zilikuwa zimemfikia tayari, na Eveline hakuacha kujiuliza ni kwa mdomo wa nani: wa Ombeni, au wa hiyo simu yenyewe aliyokuwa ameibeba mkononi.

"Mama Maneno, tumeumia sote kama familia. Hakuna ubaya. Karibu ofisini kesho tuyamalize."

Vidole vyake, kwa mazoea ya miaka thelathini na sita, vilianza kuandika. A, s, a... Akasimama katikati ya njia, na vumbi la pumba likimpita usoni. Akafuta herufi zote. Kisha akaandika neno jingine, fupi, ambalo hakuna mtu angeweza kulivisha maana nyingine, akalituma:

"Siji."